Binamu anatuita Finney, Kansas: tuhame Louisville twende kaunti ya mashambani?

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni familia ya watu sita kutoka Uvira, Kongo. Tulikaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa Louisville, Kentucky, na huu ni mwaka wetu wa tatu hapa. Mimi nafanya kazi ya ghala usiku, mke wangu anasafisha vyumba vya hoteli, na kodi ya nyumba inatumaliza. Binamu yangu yuko Garden City, Kansas, kwenye kiwanda cha nyama. Anasema mshahara ni mzuri, nyumba ni nafuu, na tukifika leo kesho tunaanza kazi. Niliposoma habari za mahali penyewe niliogopa. Kaunti inaitwa Finney. Naona ni nchi tupu ya ng'ombe na mahindi, watu hawafiki elfu arobaini, Trump alishinda kwa mbali, na mwaka 2016 kuna watu walipanga kulipua nyumba za Wasomali. Hapohapo nasoma kwamba nusu ya wakazi ni Walatino. Kama nusu ni wageni, mbona kura ziko vile? Sherifu wa huko ana mamlaka gani juu yetu? Mtu mwingine ameniambia maji yanakwisha, mji utakufa, tusithubutu kununua nyumba. Mke wangu hataki hata kusikia, hasa kwa sababu mtoto wetu wa tatu ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tufanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa mzigo wa kodi. Kazi yangu ni kufundisha jiografia ya watu na serikali za mitaa za Marekani, kwa hiyo nitakujibu kwa upande huo, na nitakuonyesha mapema ninakoelekea. Kura za urais za Finney zimekutisha kuliko zinavyostahili. Maji na kiwanda vilistahili kukusumbua zaidi ya ulivyodhani. Na lile analolishikilia mke wako, la mtoto, ndilo zito kuliko yote.

Nianze na hiyo nchi tupu. Finney iko kusini magharibi mwa Kansas, ni moja kati ya kaunti 105 za jimbo hilo, na eneo lake ni kama kilomita za mraba 3,370, karibu mara mbili ya kisiwa cha Unguja. Sensa ya 2020 ilihesabu humo watu 38,470. Ukigawanya unapata watu kama 11 kwa kila kilomita ya mraba, na hapo ndipo msomaji anaposhtuka. Lakini watu hawakukaa kwa kugawanywa sawasawa. Kati yao 28,151 wako Garden City penyewe, elfu mbili na kitu wako Holcomb, mji mdogo wa jirani upande wa magharibi, na waliobaki ndio waliotawanyika kwenye mashamba. Nyinyi hamtaishi shambani. Mtaishi kwenye mji wenye hospitali, shule kubwa ya sekondari, chuo cha miaka miwili, stesheni ya treni ya Amtrak, hata bustani ya wanyama, ila ukishapita nyumba ya mwisho ni mashamba tu mpaka macho yanapokomea. Ugumu wa huko ni umbali. Dodge City iko kilomita 80 hivi, na Wichita, mji mkubwa wa kwanza kuufikia, uko zaidi ya kilomita 300.

Tena usiichanganye Finney na kaunti nyingine zinazoitwa za mashambani. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000 na hilo jina la "mashambani" linabeba vitu visivyofanana kabisa. Magharibi mwa Kansas hukohuko kuna Greeley, iliyokuwa na watu 1,284 tu mwaka 2020. Texas kuna Loving, ambako sensa hiyohiyo ilikuta watu 64, kaunti nzima. Kaunti nyingi za nyanda hizi zimekuwa zikipoteza watu tangu ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, kwa sababu trekta lilichukua kazi ya mikono na vijana wakaenda mijini. Finney ilikwenda kinyume, na sababu yake ni hicho kiwanda anachokuitia binamu yako.

Desemba 1980 kampuni ya IBP ilifungua karibu na Holcomb machinjio ya ng'ombe yaliyokuwa makubwa kuliko yote duniani wakati huo. Miaka mitatu baadaye kiwanda cha pili kikafunguliwa Garden City. Wenyeji hawakutosha kuzijaza kazi hizo, na wengi hawakuzitaka, kwa hiyo watu wakaja kutoka mbali. Kwanza walifika wakimbizi wa Vietnam na Laos, wakaja Wamexico na watu wa Amerika ya Kati, kisha, baada ya 2005 hivi, Wasomali na watu wa Burma. Kaunti iliyokuwa na watu 23,825 mwaka 1980 ilifika 33,070 mwaka 1990 na 40,523 mwaka 2000. Watu karibu 17,000 waliongezeka kwa miaka ishirini, wakati kaunti nyingi za nyanda hizi zilikuwa zikipungua.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Usiku wa Krismasi mwaka 2000 kile kiwanda cha pili, ambacho wakati huo kilikuwa cha ConAgra, kiliungua. Hakikujengwa tena. Wafanyakazi kama 2,300 wakabaki bila kazi, familia nyingi zikafunga mizigo, na sensa ya 2010 ikakuta watu 36,776. Agosti 2019 moto ukazuka tena, safari hii kwenye kile kikubwa cha Holcomb ambacho sasa ni cha Tyson, chenye wafanyakazi wapatao 3,800. Mji mzima ulishika roho mkononi. Kampuni ikaahidi kuendelea kuwalipa wafanyakazi wake wa kudumu, ikakarabati, na Desemba uchinjaji ukarejea. Mambo yaliisha vizuri, lakini nataka uone jinsi yalivyoning'inia: Louisville ghala lako likifungwa utatafuta ghala lingine ng'ambo ya barabara. Garden City mwajiri mkubwa akiyumba, inayumba shule, duka, hospitali, na bei ya nyumba uliyonunua.

Kuhusu Walatino, hapo naomba nikurekebishe. Wao ni takriban nusu ya wakazi, kweli, lakini si sahihi kuwaita wageni. Wamexico walifika bonde hili mwanzoni mwa karne ya ishirini kujenga na kutengeneza reli ya Santa Fe na kulima viazi sukari vya kiwanda cha sukari kilichojengwa Garden City mwaka 1906. Kuna familia ambazo babu wa babu yao amezikwa hapo. Wengine wamekuja juzi. Wengine ni watoto waliozaliwa Kansas kwa wazazi waliozaliwa Chihuahua, Mexico, na hao ni raia tangu siku ya kwanza.

Hilo ndilo linalolegeza fundo la kura lililokusumbua. Sensa humhesabu kila mtu anayeishi mahali: raia, mkimbizi, mtoto mchanga, hata asiye na karatasi. Kwa hesabu hiyo ndiyo mipaka ya majimbo ya uchaguzi huchorwa na fedha nyingi za serikali kuu hugawanywa. Kupiga kura ni mlango mwembamba zaidi. Lazima uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, uwe umejiandikisha, kisha siku yenyewe uende. Finney ni kaunti changa kwa umri, zaidi ya robo ya watu wake ni watoto. Ondoa hao, ondoa watu wazima wasio raia, ondoa raia wanaotoka zamu ya usiku wakalala. Katika uchaguzi wa rais wa 2020 kura zilizopigwa kaunti nzima hazikuzidi sana theluthi moja ya idadi ya wakazi. Kwa hiyo unaposoma kwamba Trump alipata zaidi ya asilimia 60 huko mwaka 2016, 2020 na 2024, unasoma uamuzi wa sehemu ya watu, nayo kwa wastani ina umri mkubwa zaidi, weupe zaidi na ardhi zaidi kuliko kaunti yenyewe.

Lakini nisikudanganye kwamba ni hesabu tu. Wapo Walatino wengi waliokipigia chama cha Republican, chama cha Trump, kwa hiari yao kabisa, kwa sababu ya dini, ya biashara ndogo wanazoendesha, au ya mafuta na ufugaji vinavyowalisha. Mtu anayedhani rangi ya ngozi inatosha kutabiri kura hajaijua magharibi ya Kansas. Jimbo la bunge la Congress ambamo Finney imo, wanaloliita Big First kwa ukubwa wake, limeshikwa na Republican kwa vizazi. Mbunge wake tangu 2021 ni Tracey Mann, na kabla yake alikuwa Roger Marshall, ambaye sasa ni seneta. Kwa kuwa matokeo ya uchaguzi wenyewe wa Novemba yanajulikana kabla, mchuano wa kweli wa viti vya kaunti huwa ni mchujo wa ndani wa Republican, mwezi Agosti, ambapo watu wachache sana hujitokeza.

Utatawaliwa na nani basi? Kaunti haina gavana wala bunge, gavana ni wa jimbo. Inaongozwa na makamishna wa kuchaguliwa, wanaopitisha bajeti, kupanga kiwango cha kodi ya mali na kutunza barabara za mashambani. Pembeni yao kuna karani, mweka hazina, msajili wa hati za ardhi, mwanasheria wa kaunti na sherifu, kila mmoja akiwa amechaguliwa peke yake na akiwajibika kwa wapiga kura, si kwa makamishna. Garden City nayo ina serikali yake tofauti: makamishna watano wa mji, meya anayetoka miongoni mwao, na meneja wa kuajiriwa anayeendesha kazi za kila siku. Shule ziko chini ya bodi nyingine kabisa. Uchaguzi wa mji na wa bodi ya shule hufanyika Novemba ya miaka isiyogawanyika kwa mbili, bila majina ya vyama kwenye karatasi. Kura mia kadhaa zinaweza kumweka mtu au kumtoa, na maamuzi ya huko ndiyo yatakayogusa maisha yenu kila siku: mwalimu wa Kiingereza shuleni, basi, taa za mtaa, sheria za nyumba za kupanga.

Sherifu ana askari wake na ndiye anayesimamia jela ya kaunti. Ndani ya Garden City mtakutana zaidi na polisi wa mji, ambao wana mkuu wao. Hakuna kati yao anayetoa au kufuta hadhi ya ukimbizi, hilo ni la serikali kuu. Mkisimamishwa barabarani mtatendewa kwa sheria za jimbo la Kansas kama dereva yeyote. Ni kweli kwamba jela za kaunti zinaweza kushirikiana na maofisa wa uhamiaji, na kiwango cha ushirikiano huo hubadilika na nyakati. Kwa hiyo kila mtu mzima atembee na hati zake halali, na leseni ya udereva ibadilishwe kuwa ya Kansas mkihamia.

(Kama utaitazama ramani, utaona Finney ina mkono uliochomoza kaskazini mashariki. Hiyo ilikuwa kaunti nyingine, Garfield, iliyoundwa 1887. Miji yake miwili, Ravanna na Eminence, iligombania makao makuu kwa uhasama mkali mpaka wakaenda mahakamani. Mwishowe upimaji ukaonyesha kaunti yao haifikii maili za mraba 432 zinazotakiwa na katiba ya Kansas. Ikafutwa mwaka 1893 na kuunganishwa na Finney. Miji yote miwili imekufa. Nakutajia kwa sababu watu hudhani mipaka hii iko tangu kuumbwa kwa dunia.)

Sasa 2016. Sitaipunguza ukubwa wake. Wanaume watatu walipanga kuegesha magari yenye mabomu kwenye pembe nne za nyumba za kupanga walimokaa Wasomali, mahali palipokuwa pia na chumba cha kuswalia, siku moja baada ya uchaguzi wa rais wa mwaka ule. Walikamatwa Oktoba, kabla hawajafanya lolote, kwa sababu mtu waliyemkaribisha kwenye kundi lao aliwapeleka kwa FBI, wapelelezi wa serikali kuu, na akakaa nao miezi akirekodi maneno yao. Aprili 2018 baraza la wazee wa mahakama liliwakuta na hatia, na Januari 2019 wakahukumiwa vifungo vya miaka 25, 26 na 30. Mambo mawili huwa hayasemwi. Hao watatu hawakuwa wakazi wa Finney, walitoka kaunti nyingine za kusini magharibi mwa Kansas. Na aliyewafichua alikuwa mzungu, mwenyeji wa magharibi ya Kansas, mtu wa imani na siasa za kihafidhina kama majirani zake wengi. Tangu miaka ya 1980 mji ule umeishi na wahamiaji kwa kiasi ambacho miji mingi mikubwa ya Marekani haijazoea, na polisi wake walijenga uhusiano na jamii ya Wasomali kabla ya tukio lile, si baada yake tu. Hii haimaanishi hamtakutana na dharau dukani au neno baya kazini. Mtakutana nayo. Lakini hata Louisville mnaijua.

Tena kuna faraja moja: Wasomali wengi wa huko walipitia Kenya, kwenye kambi za Dadaab na Kakuma au Nairobi, na Kiswahili wanakijua. Mke wako hatakosa mtu wa kusalimiana naye.

Nije kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huyo aliyekuonya amesema nusu ya ukweli. Garden City hupata mvua kama milimita 480 kwa mwaka, na jua na upepo mkali wa nyanda vinaikausha haraka. Mahindi hayawezi kustawi kwa mvua hiyo. Mto Arkansas unapita hapo, lakini kwa sehemu kubwa ya mwaka utaona mchanga tu, kwa kuwa maji yake hutumiwa juu, Colorado. Kansas na Colorado walianza kushtakiana kuhusu mto huo Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1901, wakarudi tena 1985, na mwaka 1995 Mahakama ikasema Colorado ilikiuka makubaliano. Kinachoyafanya mashamba kuwa kijani ni maji ya chini ya ardhi, yaliyomo kwenye mwamba na mchanga unaoitwa Ogallala, unaoenea chini ya majimbo manane kutoka South Dakota hadi Texas. Tangu miaka ya 1960 pampu na mabomba ya umwagiliaji yanayozunguka kwa magurudumu yameyavuta juu. Ukipita kwa ndege utaona duara baada ya duara.

Shida ni kwamba hayo maji ni ghala lililojazwa na zama za kale. Kinachorudi chini kila mwaka, kusini magharibi mwa Kansas, ni chini ya inchi moja, na kinachotolewa ni mara nyingi ya hicho. Kila Januari wataalamu wa jimbo hupima visima, na kila mwaka sehemu kubwa ya eneo hilo inaonyesha kushuka. Sheria ya maji ya Kansas, ya mwaka 1945, humpa kipaumbele aliyeanza kutumia kwanza, kwa hiyo ni vigumu kumwambia mkulima mwenye haki ya zamani apunguze. Inawezekana, hata hivyo. Kaskazini magharibi, kwenye eneo la Sheridan, wakulima wenyewe walikubaliana kupunguza matumizi kwa asilimia 20 kuanzia 2013, wakafanikiwa bila kufilisika. Na sheria ya jimbo ya 2023 imezitaka wilaya za usimamizi wa maji ya ardhini, pamoja na ile yenye makao Garden City, ziandae mipango ya hatua kwa maeneo yaliyo hatarini.

Hii inakuhusuje wewe usiye na shamba? Fuata mnyororo. Maji huotesha mahindi na majani ya mifugo. Mahindi huleta ng'ombe kwenye mazizi makubwa ya kuwanenepeshea, maana kuleta ng'ombe kwenye chakula ni rahisi kuliko kupeleka chakula kwa ng'ombe. Mazizi ndiyo yaliyoita machinjio, na machinjio yanalipa mshahara wa binamu yako. Maji ya bomba ya nyumbani hayatakauka kesho, kwa sababu mji hutumia kiasi kidogo mno ukilinganisha na umwagiliaji. Lakini mnyororo ukilegea upande wa mahindi, utalegea hadi kwako. Ni jambo la miongo, tena la eneo kwa eneo. Hakuna mji utakaokufa mwaka ujao.

Kwa hiyo mimi naona hivi: msinunue nyumba Finney katika miaka miwili ya kwanza. Pangeni. Mkisha kuona kama mwili unaihimili kazi na watoto wanaipenda shule, hapo mtazungumza habari ya kununua, mkijua kwamba bei ya nyumba huko imefungwa kwenye kiwanda kimoja.

Na kazi yenyewe mwulize binamu yako vizuri, si mshahara tu. Mwulize anafanya upande wa kuchinja au wa kukata, zamu gani, mikono yake inaamkaje asubuhi. Kazi ya mstari wa nyama ni baridi, kasi, kisu, na mwendo uleule maelfu ya mara kwa siku. Wapo wanaoifanya miaka ishirini na kusomesha watoto. Wapo walioondoka na kifundo cha mkono kisichokunja. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo, usingoje ipoe. Ukichelewa unaweza kupoteza haki ya fidia.

Sasa mtoto. Mke wako yuko sahihi kulifanya hili la kwanza. Mwenye selimundu anahitaji daktari wa damu anayemjua, dawa zisizokatika, na mahali pa kukimbilia maumivu yanapomshika usiku. Louisville mna hospitali kubwa ya watoto. Garden City kuna hospitali inayoweza kumpokea kwa dharura, lakini kwa wataalamu wa damu wa watoto tarajia safari ya Wichita, Kansas City au Denver. Majira ya baridi kali kuna siku ambazo barabara hufungwa kwa theluji, na baridi kali pamoja na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa vinavyoamsha maumivu yenyewe. Tena kuna bima. Kentucky ilipanua Medicaid, bima ya afya ya serikali, kwa watu wazima wa kipato kidogo, Kansas haijafanya hivyo. Watoto kwa kawaida wana njia yao ya kupata bima, ila Medicaid haihami na mtu kutoka jimbo hadi jimbo. Mnafuta huku, mnaomba upya kule, na katikati panaweza kuwa na pengo. Kwa mtoto wenu pengo la mwezi mmoja ni hatari.

Ndiyo maana nakusihi, kabla ya kumjibu binamu, nendeni nyote wawili kwa daktari wa mtoto, ana kwa ana, na mkalimani. Mwulizeni waziwazi: tukiishi saa nne za gari kutoka kwa mtaalamu, itafaa? Nani atampokea huko? Rufaa inaweza kuandikwa kabla hatujaondoka? Akisema hapana, hiyo hapana inatosha, na nyumba nafuu haiwezi kuibatilisha. Katika hali hiyo ningeitazama Wichita kabla ya Finney. Wakongomani wako huko, viwanda viko, na hospitali ziko karibu.

Akisema inawezekana, basi nenda wewe kwanza wiki moja, ulale kwa binamu, umwombe akupeleke kiwandani, shuleni na kanisani, na upime kwa pua yako harufu ya mazizi upepo unapogeuka. Familia ibaki Louisville hadi bima ya mtoto Kansas imeeleweka.

Mtu wa pili wa kumwona ni mwanasheria wa uhamiaji, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Sheria. Usiende kwa mtu wa mtaani anayejaza fomu. Sera za wakimbizi zimebadilika sana tangu 2025. Kama kuna yeyote kati yenu ambaye grini kadi yake, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, haijatoka, hilo litangulie safari yoyote. Mkihama, kila asiye raia anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10. Na mtu yeyote akiwapa fomu ya kujiandikisha kupiga kura, iwe kwenye ofisi ya leseni au nje ya duka, msiijaze kabla ya kuwa raia, hata akiwaambia ni sawa. Ni kosa la serikali kuu, na watu wamefukuzwa nchini kwa kosa hilo. Kwa mkimbizi miaka mitano ya kusubiri uraia kwa kawaida huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini, kwa hiyo kwenu haiko mbali. Anzeni kusoma maswali ya mtihani sasa, popote mtakapokuwa.